Kaburi la Yago

Sogeeni, nyithinda, wanangu, mnisikie kabla ulimi haujawa mzito. Olima, zima hiyo redio. Ng'ombe ni wako, na shamba la Felistas asinyang'anywe eti kwa sababu ameolewa Sirari. Mtoto ni mtoto. Lakini kiwanja hiki, ambacho umeshazungumza na wathamini wa mgodi ukidhani mama hasikii, usikitie sahihi.

Duara, lile shimo la wachimbaji wadogo mlimani, lilipomfunika baba yenu Obura hapa Nyamongo, mwili haukupatikana, na sisi Wajaluo hatumwachi mtu bila kaburi, tukazika tunda la yago, mwegea, mahali pake, tukalilia kama mtu. Wazee walisema atatulia. Kisha mgodi mkubwa ukaja, wakauchimba mlima ule ule, wakausaga, mchanga wake ukafungwa kwenye makontena, ukaenda bandarini, meli zikaupeleka kwa wanaojua kuitoa dhahabu. Hakuna aliyeuliza ndani yake mna nani. Hivyo ndivyo baba yenu alivyosafirishwa. Nikaanza kumsikia mchana, nikipepeta mtama, akilalamika baridi kwa sauti ya mbali, na kaburi la yago likawa linadidimia.

Serikali ilipozuia mchanga usitoke nje, mlishangilia humu ndani, mimi niliendelea kupepeta mtama. Mali ya nchi isafishwe hapa hapa, nakubali, lakini sheria ilikuta mwenzangu ameshavuka bahari, na maji yakimwagika hayazoleki. Ndivyo nilivyodhani. Tangu siku ile sauti imegeuka, inakuja huku. Juzi ilikuwa darajani Kirumi. Jana Felistas aliona nyayo zenye maji uani, akasema ni za mbwa, naye anajua hatufugi mbwa. Niliogopa, wanangu, sitawaficha, na bado naogopa.

Anarudi, na akikuta kiwanja kimeuzwa atalala wapi? Lifukueni lile tunda leo, mlitupe porini, kaburi liacheni wazi. Mimi nichimbieni kushoto kwake, mahali pa mke. Msigombane. Ndugu wakipatana, hata adui hupiga hodi. Mwogopeni Mungu, mle sahani moja, mzae, mlee... Mkono hauinuki tena, ushikeni nyinyi mjiwekee kichwani. Hapo. Mbarikiwe. Olima, umeapa? Vizuri.

Felistas, mwanangu... sogea hapo mlangoni. Mpishe baba yako.