Mzee Ekiru Nanok na Mshiko wa Vidole Vinne

Mzee Ekiru Nanok alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 kule Oldonyiro, akiwa kitinda mimba wa mfugaji Nanok Lokwawi. Kama Waturkana wa rika lake, Nanok alikuwa na dume la ng'ombe alilolipenda kuliko mifugo yote, na alilitungia wimbo. Ekiru alilelewa akiusikia asubuhi na jioni.

Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la saba, mwaka wa 1971. Hesabu ilimpiga chenga, lakini kwaya haikumwachilia.

Mwaka wa 1978 aliajiriwa kuendesha lori la kupeleka maji vijijini, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane. Mwaka wa 1994, akiwa Kulamawe, kifuniko cha tangi kilimponda kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na kidole hicho hakikukunjika tena. Akishika kikombe kwa mkono huo, kidole kikiwa kimesimama wima, watoto wake walimwita Bwana Mkubwa.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Bi. Akal. Waliweka makao Wabera, wakajaliwa watoto watatu.

Agosti 2023 alipatikana na saratani ya koo, na sauti yake ikabaki mnong'ono. Ndipo hofu ikamwingia. Wimbo wa babake haukuwa umerekodiwa popote, na hakuna mwingine aliyeujua. Binti yake Nakolong, mwalimu wa muziki, alimpa ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne. Kufikia Krismasi, mzee alikuwa ameupata wimbo wote ila mahali pamoja. Hapo palidai mshiko uitwao D maina siksi, vidole vinne kwa mpigo, na cha nne ndicho kile kilichogoma. Nakolong alimsihi aruke tu, hakuna atakayejua.

"Hapo ndio ng'ombe anageuza kichwa," mzee alimnong'oneza. "Nikiruka, huyo ni ng'ombe wa mtu mwingine."

Alihangaika miezi minane. Kwa kuwa kidole hakikukubali kukunjika, aliuzungusha mkono mzima hadi kikaangukia uzi wake. Jumapili, tarehe 11 Agosti 2024, dada yake Natabo, mwenye miaka themanini na mmoja, aliletwa kumjulia hali. Yeye alilijua lile dume, lakini wimbo ulikuwa umemtoka kabisa. Mzee akaanza kupiga. Alipofika mahali pale, nyuzi zote nne zililia. Natabo, ambaye alikuwa hatembei bila kushikwa, aliinuka peke yake, akainua mikono kama pembe, mmoja ameukunja kuelekea sikioni. Watoto hawakuwahi kuambiwa kwamba pembe moja ya dume lile ilipinda. Bi. Akal akalia.

Mzee Ekiru alituaga akiwa nyumbani, alfajiri ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti 2024. Ameacha mjane wake Akal, watoto Nakolong, Lomuria na Aite, wajukuu saba, na dada yake Natabo. Asubuhi hiyo Nakolong alimkuta shangazi yake, aliyekuwa amebaki nyumbani humo tangu Jumapili ile, ameketi mlangoni, akiuimba wimbo wa Nanok kwa sauti ya chini, hadi mwisho.

Mungu ampumzishe Mzee Ekiru kwa amani.