Meno ya Plastiki Niliyoyang'oa kwa Mkono Wangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Kwamndolwa, pamoja na wageni wetu mliotoka Mkumbara na Mnyuzi. Wazee wangu, shikamooni. Leo mimi Mama Hoza nimeomba nafasi mwenyewe, sikusukumwa na mtu. Mchungaji amenipa dakika kumi, nami nitazitumia zote, kwa maana neno hili limekaa kifuani mwangu miaka mitano.

Vijana mnanijua kwa sauti kubwa katika kwaya ya akina mama. Wale wa rika langu mnanijua kwa jingine. Nilikuwa mng'oaji wa meno ya plastiki. Mtoto mchanga akipata homa, akiharisha, akikataa ziwa, aliletwa kwangu. Nilimfumbua mdomo na kupapasa ufizi kwa kidole. Nikikuta pamevimba na pana weupe pale panapoota chonge, niliwaambia wenyewe kwamba hayo ndiyo yanayommaliza mtoto. Kisha nilichukua spoki ya baiskeli niliyoinoa kwenye jiwe, nikaupasua ufizi, nikachokonoa mpaka kile cheupe kikatoka. Nilikiweka kiganjani ili kila mtu akione. Kilikuwa laini, hakikufanana na jino, ndiyo maana tulikiita plastiki. Nilipaka chumvi, nikamrudisha mtoto kwa mama yake.

Kazi hiyo nilijifunza kwa mama mmoja kule Handeni, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Na niwaambie ukweli, nilijiona mtu. Watu walitoka Mnyuzi na watoto mgongoni kunitafuta, wakauliza njia mpaka mlangoni kwangu. Nikienda sokoni nilitembea kama mke wa diwani. Msicheke, mnaokumbuka mnajua sisemi uongo. Watoto wengine walipona, nikasema ni mkono wangu. Wengine walikufa, nikasema wamecheleweshwa. Hao wa pili sikuwafikiria tena, nilirudi kupepeta mahindi yangu.

Ndugu zangu, ndipo akazaliwa Elia, mtoto wa kwanza wa mwanangu Hoza. Hoza alikuwa anakata mkonge mashambani, anarudi nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, mkwe wangu Rehema na mtoto. Elia alipofika miezi sita akashikwa na homa. Akaharisha. Nikamfungua mdomo, nikaona taya la chini limevimba pande zote mbili, pana weupe. Nikamwambia Rehema kwamba jambo ni dogo, nitalimaliza asubuhi.

Rehema ni binti mpole, hata kuku hamfukuzi kwa sauti. Siku hiyo aliniambia, "Mama, huyu tumpeleke akapimwe damu."

Nikamjibu, "Mganga yuko ndani ya nyumba, wewe unamtafuta wa nje? Watu watanionaje?"

"Nisamehe, Mama. Lakini mdomo wa mwanangu naomba usiuguse."

Nilichukia! Mimi niliyeguswa magoti na akina mama wa vijiji vitatu, nikatazwe na mtoto niliyempokea juzi? Asubuhi Rehema akaenda bombani kuchota maji, na foleni ya bomba letu mnaijua. Nikampakata Elia. Nilimfanyia pande zote mbili kabla mama yake hajarudi na ndoo.

Damu haikukata. Nilibana pamba, ikalowa. Nikaweka nyingine, ikalowa. Rehema akaingia, akaona kanga yangu, akaona mdomo wa mwanawe. Hakunitukana. Alitua ndoo, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kusimamisha bodaboda. Mimi nikamfuata na ya pili, bila hata kubadili kanga.

Hospitali walimpima. Homa ile ilikuwa malaria. Malaria, ndugu zangu, ugonjwa wenye dawa yake! Kumbe ufizi haukuwa na kosa lolote. Na damu yake ilikuwa imepungua, hivyo Hoza akaitwa kutoka kwenye mkonge akamtolee mwanawe. Siku ya pili pale nilipochokonoa pakaoza. Kidevu kikavimba, kikawa kigumu, cha moto, na mtoto akashindwa kunyonya.

Akaitwa daktari wa meno. Alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Akaniamkia, "Shikamoo, Bibi." Afadhali angenitukana. Akachukua karatasi akanichorea taya la mtoto, akaniambia, "Bibi, mtoto anazaliwa meno yake ya utoto yakiwa tayari ndani ya taya, yamefunikwa na ufizi. Yanaanza yakiwa laini, yanakomaa polepole. Ule uvimbe ni jino linajitengeneza. Ulichokuwa unatoa ni jino lake mwenyewe, na chini yake kuna la ukubwani linaanza kujengwa. Hilo nalo linaumia."

Nikauliza, "Na huku kuvimba?"

"Vijidudu vimeingia kupitia kidonda. Usaha ukishika mfupa wa taya, au uvimbe ukishuka kooni, tunaweza kumpoteza."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya wodi, penye kamba za kuanikia nguo. Tangu tumefika nilikuwa naomba, lakini niliomba kijanja. Nilisema Bwana mponye Elia, basi, kama vile Bwana hajui aliyemuumiza. Pale kwenye kamba nikasema yote. Nikataja spoki. Nikawataja watoto niliowakumbuka majina, na nisiowakumbuka nikataja vijiji vyao. Nikasema, "Bwana, huyu usimchukue kwa kosa langu. Ukimwacha, mkono huu hautaingia tena na chuma kinywani mwa mtoto, na nitasema mbele za watu." Nililia mpaka mama mmoja aliyekuja kuanua kanga zake akanishika bega.

Wakampasua chini ya kidevu usaha ukatoka, wakamchoma sindano asubuhi na jioni. Siku tatu Rehema hakusema nami neno, na alikuwa na haki. Siku ya nne Elia akalilia ziwa, akanyonya mpaka akasinzia. Rehema akanitazama, akainuka, akaniwekea mtoto mapajani. "Mshike, Mama, nikaoge." Ndugu zangu, nimepokea mema mengi kwa Mungu, lakini sijapokea kitu kizito kama mtoto yule siku ile.

Leo Elia ana miaka mitano na ushee. Yule pale, amekaa karibu na mama yake. Chonge mbili za chini hana, na daktari amesema za ukubwani huenda zikaja zimepinda. Ana kovu chini ya kidevu. Lakini anakula mahindi ya kuchoma, anaimba kunishinda, na kila asubuhi ananikagua mimi kama nimepiga mswaki! Namjivunia, sioni haya. Namjivunia mkwe wangu, aliyejua kukataa mbele yangu mimi niliyekuwa naogopwa na wazee. Na nafsi yangu pia najivunia sasa, maana siku za kliniki manesi wananipa kiti, nawaeleza akina mama habari za ufizi na taya, na wananisikiliza kwa sababu wanajua nilikotoka.

Lakini sijamaliza. Humu kanisani wamo vijana ambao mkicheka naiona kazi yangu. Wapo wazazi waliozika. Nimewafuata baadhi nyumbani, wengine nilikosa ujasiri. Leo nawaambia mbele ya Bwana, nisameheni. Asiyeweza leo, nitamngoja.

Bwana aliyeniachia Elia ni mwaminifu, mtumainini. Kumtumaini si kukaa. Kama kuna mama humu ambaye mtoto wake amechemka, anaharisha, au ametokwa na uvimbe kinywani au tayani, usisubiri sadaka wala baraka ya mwisho. Inuka sasa hivi. Mchungaji atanisamehe dakika zilizobaki, mkoba wangu uko mlangoni, na mimi nakusindikiza hospitali.