Mwanga Uliovaa Kofia

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la Leya, mtengeneza kadi na mabango, ambaye jina lake la kuzaliwa hata kinyozi wake halikumbuki. Alasiri hiyo Leya alikuwa ameitoa laptopu nje, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa mbele yake kashika tama. Mama wa binti ambaye Leya alitaka kumwoa alikuwa amemkabidhi picha mbili: moja ya familia, ya juzi tu, na nyingine ya zamani, marehemu mumewe akiwa kijana na rafiki yake, mmoja wao kavaa kofia. Leya amtoe marehemu huko, amsimamishe katikati ya wanawe. Mama akiipenda kazi, atazungumza na wajomba kuhusu posa. Asipoipenda, alisema, mtu aliyeshindwa kumtunza marehemu asiyekula wala kunywa, mke atamweza? Sasa mama alikuwa njiani, na marehemu alikuwa anawaka.

— Anawaka vipi? aliuliza Kona, dereva wa lori ambaye lori lake hakuna aliyewahi kuliona.

— Mwanga huu hapa, kichwani na mabegani. Ni efekti, pambo la kompyuta. Kwenye leya yake nimezima, na bado upo.

— Leya ndiyo nini, baba? aliuliza Shangazi, mwenye chupa ya kahawa, akipanga vikombe.

— Kila mtu yuko kwenye karatasi yake, Shangazi, kama plastiki zimepandana. Ukitazama kwa juu unaona familia moja.

— Kama kwetu, alisema Kona. Kwa juu ni familia.

Leya hakucheka. Alimgeukia Mzee Mita, fundi cherehani mwenye futi shingoni na miwani ya kioo kimoja, aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu ujana.

— Mzee wangu, una hakika ndiye huyu? Asubuhi nilimweka yule wa kofia, ukaniambia siye.

— Kofia si mtu. Mtu ni uso. Na uso huu nimeuona kila siku ya maisha yangu.

— Haya. Maana yule wa kofia nilishamfifisha mpaka akaisha, nikampandisha huyu juu yake.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema Shangazi. Hakuna aliyejua kwa nini, wakapokea kahawa.

Kona alikuwa wa kwanza kutoa ripoti ya kitaalamu. Chombo kimechemka. Lori likichemka unalipaki kivulini, unafungua boneti, unasubiri. Leya akaifunga laptopu, wakasubiri kikombe kizima. Alipoifungua, marehemu alikuwa anawaka vilevile.

— Basi yuko peponi, alisema Kona. Mwanga wa namna hiyo hauzimwi na binadamu.

— Peponi? Mzee Mita aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Kwa macho haya? Haya ni macho ya mtu anayekunywa chai ya jirani halafu anasema sukari haitoshi.

— Si ulisema rafiki yako?

— Ndiyo maana najua. Na angalia mdomo. Mtu mwenye mdomo huu usimwachie hata kuku.

Leya alijaribu jambo la mwisho analolijua: akaificha leya nzima. Mtu akatoweka. Mwanga ukabaki peke yake katikati ya familia, na ndani yake hamna mtu.

— Mbona umevaa kofia? aliuliza Kona polepole.

Kweli. Mwanga ulikuwa na mabega, shingo, na juu yake pama la ukingo mpana.

— Huko waliko labda jua kali, alisema Shangazi.

— Si jua, alisema Kona. Hii ni posa imekataliwa. Amejifunika asikuone, Leya. Mwenye binti amekukataa.

Leya aliamini. Aliona aibu kuamini, lakini aliamini. Alimrudisha mtu wa watu haraka mahali pake.

— Suluhisho dogo, alisema Shangazi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wape wote mwanga, nani atamshangaa mmoja?

Leya akawapa wote. Familia ikawaka kama duka la taa. Hapo ndipo mama alipokata kona, pochi kwapani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Niione.

Aliitazama picha kwa muda mrefu. Akalitazama benchi, akairudia picha.

— Sasa shemeji anafanya nini katikati ya wanangu?

Leya akamtazama Mzee Mita. Akautazama uso ulio kwenye kioo: ule ule, ila wenye nywele nyingi na meno yote. Akashuka kwenye leya ya chini, kwa yule wa kofia. Kumbe asubuhi alimfifisha mtu, mwanga wake hakuugusa. Alimficha Mzee Mita, akampandisha rangi wa chini kidogo kidogo: kwanza pama, kisha paji, kisha tabasamu la upande mmoja. Akaujaza ule mwanga pasipo kubaki hata nafasi ya uzi.

Mama alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

— Kofia yake, alisema. Nilikuwa namvua akishalala.

— Hao wengine wazimie taa, mwanangu, bado wako hai. Yeye mwache hivyo hivyo.

— Sawa, mama.

— Na Jumapili uje nyumbani. Wajomba watakuwepo.

Leya aliitikia mara tatu. Ilikuwa furaha, wala hakuificha. Mama alijifuta macho, akasimama, akamgeukia Mzee Mita, ambaye alikuwa anafuta kwa futi upande wa miwani usio na kioo.

— Na wewe, shemeji, ulikufa lini?

Kona aliangalia barabara. Mzee Mita aliufunika mdomo kwa futi, ule ule usioachiwa kuku. Shangazi akainua chupa yake, akaitikisa, akasema kahawa imekwisha.