Betri Zina Moto: Maisha ya Vitus Anord Kalinga, 1968–2026

Marehemu Vitus Anord Kalinga alizaliwa hapa Ilula siku ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 1968, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Anord Kalinga, aliyekwishatangulia, na Mama Rozalia, aliyekaa mbele yetu na ambaye hata asubuhi hii ameuliza kama Vitus amefika. Jina alipewa kutoka kalenda ya padre, kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya Mtakatifu Vitus. Jumapili iliyopita alikuwa hai. Alinipigia simu saa nne asubuhi kunicheka kwa kuwa mimi, mdogo wake, nimezunguka dunia na bado sijui kubadilisha fyuzi. Leo ni Jumamosi na tuko makaburini. Tutasamehewa kama maandishi haya yanayumba.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Ilula kuanzia mwaka 1976 hadi 1982. Alikuwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kukesha. Aliwahi kulala wimbo wa taifa ukiimbwa, akiwa amesimama. Mwaka 1985 alijiunga na chuo kimoja cha ufundi cha misheni mkoani Mbeya, akasomea umeme wa magari kwa miaka miwili. Bwenini walimwita Trekta kwa jinsi alivyokoroma. Wenzake walihamisha kitanda chake hadi stoo ya majembe, naye akashukuru kwamba sasa ana chumba chake mwenyewe.

Kazi aliianzia Mbeya mjini, akaenda Makongolosi kutengeneza jenereta za wachimbaji, na mwaka 1995 akafungua gereji yake Ruaha Mbuyuni, pale malori yanapopumzika kabla ya kuupanda mlima Kitonga. Huko alijulikana kwa kutotoza kitu kwa gari la wagonjwa, na kwa kumwambia kila dereva ukweli hata kama ukweli ule ulimnyima kazi. "Betri yako nzima, mzee," alikuwa akisema. "Kilichokufa ni akili ya aliyefunga hizi nyaya."

Tarehe 5 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Tusekile, binti wa Tukuyu, katika kanisa letu hapa Ilula. Njiani wakitoka kumchukua bibi harusi, alimwonyesha milima kwa mbali na kumwahidi kwamba siku moja watalala Kitulo wakati maua yamechanua.

Wengi wenu mnakijua kisa cha betri, maana nimekisimulia mimi katika kila sherehe ya ukoo huu. Wiki ya pili baada ya harusi, Vitus alikuwa chini ya lori akafoka, "Tusekile, hebu nitazamie hapo, betri zina moto?" Kwa fundi, moto ni chaji. Tusekile, ambaye Kiswahili alikikuta shuleni baada ya Kinyakyusa cha kwao, aliweka kiganja juu ya betri moja baada ya nyingine, zote nne. "Hazina," akajibu. "Za baridi kabisa. Hii ya mwisho ina uvuguvugu kidogo." Vitus akamwamini. Alizifungua zote nne na kuzibeba hadi kwenye chaja, jua la Mbuyuni likimchoma, ndipo mita ikamwambia kwamba zimejaa. Alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila walipotaka kulala alimuuliza, "Betri zina moto?" Naye Tusekile alimwekea kiganja kifuani na kusema, "Zina."

Ugonjwa ulianza kuonekana mwaka 2018. Alisinzia mchana, akiongea, akila. Mwezi Agosti 2019 alilala ameshika taa ya kupimia umeme, kichwa ndani ya boneti. Madaktari wa Dar es Salaam walimpima usingizini wakakuta pumzi inakatika zaidi ya mara arobaini kwa saa moja. Tulikuwa tumeucheka ugonjwa kwa miaka thelathini na mitatu. Alipewa mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia mpira hadi puani. Wanawe waliuita mkonga. Ugenini nimesikia kwamba Mtakatifu Vitus huombwa na wanaozidiwa na usingizi. Nilipomweleza, alisema, "Basi mtakatifu wangu naye anahitaji umeme."

Na umeme ndio uliomtenga na watu. Kwetu hapa, msiba hauhudhuriwi kwa kusaini daftari na kuondoka, mtu analala. Mwaka 2021, baba yetu mdogo alipofariki kijijini kusikokuwa na umeme, Vitus aliondoka jua linapozama. Maneno yakasemwa: Kalinga huyu amekuwa mtu mkubwa, hataki kulala na sisi chini. Alinunua Coaster iliyokufa injini, akaifufua, akang'oa viti, akaweka kitanda, paneli za sola juu ya paa na betri mbili za lori chini ya sakafu. Nilimshauri anunue inveta, ya kuupandisha umeme uwe kama wa nyumbani. Akaniangalia kwa huruma. "Mashine inataka volti ishirini na nne. Lori lina volti ishirini na nne. Sasa niupandishe umeme Kitonga halafu niushushe tena, kwa faida ya nani?" Alifunga betri mbili kwa mfululizo, akaweka fyuzi, akazima kikanza maji cha mashine kwa sababu kinakula moto kuliko mashine yenyewe. Kuanzia mwaka 2022 alilala katika kila msiba wa ukoo huu. Mliozoea kusikia mvumo ule nje ya turubai mnajua nasema nini.

Jumamosi, tarehe 14 Februari 2026, kwa mara ya kwanza gari lile lilikwenda mahali ambapo hakuna aliyekufa. Vitus na Tusekile waliegesha kwenye shamba la viazi la rafiki yao Lutengano, pembeni ya uwanda wa Kitulo. Maua yalikuwa yamechanua. Walikaa siku tatu. Jumanne, tarehe 17, saa kumi na mbili asubuhi, Tusekile alishuka kuchemsha chai. Alisikia mashine inavuma, akaona ni vyema amwache mume wake apate usingizi. Alikunywa kikombe chake akitazama ukungu unavyoondoka. Alipopanda kumwamsha, aliweka kiganja pale anapokiweka siku zote.

Alinipigia mimi. Alisema maneno haya tu: "Shemeji, betri zina moto. Kaka yako ndiye wa baridi."

Daktari aliyempokea alisema moyo ulisimama ghafla alfajiri. Moyo uliochoshwa na miaka mingi ya pumzi kukatika kabla mashine haijapatikana. Nasoma hili polepole kwa sababu tangu Jumatano maneno mengine yamepita kwenye turubai la msiba. Juzi shangazi yetu Faustina alimuuliza Tusekile mbele ya watu, "Wewe si ndiye uliyesema betri ni za baridi? Ungejuaje kama zimeisha?" Kisa changu cha kuchekesha kikawa ushahidi dhidi ya mjane. Fundi Masumbuko, aliyefanya kazi na marehemu miaka kumi na tisa, alileta mita, akapima tukiwa tumesimama: volti ishirini na tano nukta moja. Shangazi akasema, "Jua limezijaza njiani." Lutengano akasimama. "Mama, mimi nilifika wa kwanza, jua halijatoka kwenye ukungu. Mashine ilikuwa inapuliza. Niliizima kwa mkono wangu huu." Na kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya mashine, daktari ameisoma: mashine haikuzimika hata dakika moja usiku ule wote.

Baadaye Shangazi alikwenda akakaa karibu na Tusekile, akamfunga khanga vizuri mabegani. Hilo nalo nimeomba ruhusa yake kulisoma.

Marehemu ameacha mama, Rozalia, watoto wawili, Bupe na Kasian, mjukuu mmoja, Tekla, ndugu watano, na gari lililoegeshwa pale uani, ambalo kwa mara ya kwanza limelala msibani bila kuvuma. Ameacha pia mke, Tusekile, ambaye miaka ishirini na tisa aliulizwa swali moja kila usiku, na asubuhi ya mwisho alilijibu sawasawa.

Kaka, vua mkonga. Bwana akupe usingizi wa amani usiohitaji waya.