Traugott Kächele (1944–2019), Aliyeuingiza Mfuko wa Hewa Ndani ya Kiyoyozi

Jumatatu tarehe 2 Machi 1992, saa nne na dakika tano asubuhi, Traugott Kächele aliandika kwa mkono wake katika daftari la majaribio la kiwanda cha Rettenmoser, Schorndorf: "Jaribio namba 211. Kifuniko hakikufunguka. Kosa ni langu." Daftari hilo lipo, na maneno hayo yako ukurasa wa 88. Sentensi ya mwisho ni nusu ya ukweli. Mwenye nusu ya pili ameketi hapa kanisani leo, safu ya pili, na ndiye aliyeomba jambo hili lisomwe mbele ya watu.

Traugott alizaliwa Jumapili tarehe 6 Februari 1944 hapa Haubersbronn, mtoto wa pili wa Wilhelm na Emma Kächele. Baba yake hakurudi kutoka vitani, na Traugott hakuwahi kumwona. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi, akawalea yeye na dada yake Elfriede katika vyumba viwili juu ya duka la mkate. Chumba kimoja kililaliwa na watu watatu pamoja na cherehani. Elfriede anakumbuka kwamba kaka yake, akiwa na miaka tisa, aliufunga ubao wa kupigia pasi kwa bawaba nyuma ya mlango wa kabati, ukawa unashuka mlango ukifunguliwa. Ulimshukia mama yao kichwani mara mbili. Mara ya tatu haikutokea, kwa sababu Traugott alikuwa ameongeza ndoano.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini, akapata kipaimara Aprili 1958, na mwezi uleule akaanza uanagenzi wa ufundi wa kalibu, zile fomu za chuma zinazomiminiwa plastiki. Baada ya miaka mitatu na nusu alifaulu. Aliendelea na masomo ya jioni, kisha akaingia chuo cha uhandisi cha Esslingen, alikohitimu tarehe 15 Julai 1967. Mama yake alikisoma cheti mara mbili, akakikunja, akasema, "Sawa, basi." Wageni waliopo leo kutoka nje wajue kwamba katika bonde letu hiyo ni sifa kubwa.

Alimpata mke kwa njia ya kalibu. Gotthilf Aichele, fundi aliyekuwa akifanya kazi meza ya jirani, alimwalika nyumbani kula dengu na tambi za mayai. Mezani alikuwepo mdogo wake Gotthilf, Lore, ambaye aliugua polio akiwa na miaka mitano na mguu wake wa kushoto haukukunjika tena. Traugott alimtazama sana. Lore akamuuliza, "Unautazama mguu au unanitazama mimi?"

"Naitazama meza," Traugott akajibu. "Huu mguu wa meza umekaa mahali pabaya. Unakuzuia."

Jumamosi iliyofuata alirudi na msumeno. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 17 Mei 1969, wakajaliwa watoto wawili, Mechthild na Jörg.

Mwaka 1974 aliajiriwa na kiwanda cha Rettenmoser, kilichotengeneza mifereji ya hewa na vitundu vya kupuliza hewa ya kiyoyozi ndani ya magari. Alikaa hapo miaka thelathini na mitatu. Miaka kumi na saba ya kwanza inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: alifika mapema, akala mkate na soseji saa tatu kamili, na hewa ikafika ilikotakiwa. Kisha ukaja mwaka 1991.

Mwaka huo mtengenezaji mmoja wa magari aliagiza dashibodi ya gari dogo jipya, na kwa mara ya kwanza alitaka abiria wa mbele naye awe na mfuko wa hewa wa usalama, ule unaofumuka gari linapogonga. Mfuko huo hukaa umekunjwa ndani ya sanduku pamoja na mtungi wa gesi unaofyatuliwa kwa baruti. Katika gari dogo sanduku hilo halikuwa na pa kukaa. Wachoraji wakaliweka palipokuwa na mfereji wa hewa, na mfereji wakaushusha chini sentimita kumi na moja, mpaka kwenye magoti ya abiria. Traugott aliuchukua mchoro hadi nyumbani, akapima urefu wa mguu wa Lore kuanzia nyonga hadi kisigino, akapima tena. Katika gari hilo mke wake asingeweza kuketi mbele. Na kwa kuwa milango ya nyuma haikuwepo, asingeweza kuketi popote.

Usiku ule hakulalamika. Asubuhi alikwenda kwa mkuu wa usanifu, Daktari Brodbeck, akiwa na katoni ya viatu aliyoikata kwa kisu. Wazo lake linaelezeka kwa urahisi, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa amelifikiria. Sanduku la mfuko lina kuta. Mfereji wa hewa una kuta. Ukuta mmoja utumike kwa vyote viwili. Kitundu cha kupuliza hewa kikae juu ya kifuniko cha sanduku lenyewe. Siku zote hewa ya baridi au ya moto ingepita pembeni mwa mfuko na kutokea hapo. Siku ya ajali kifuniko kingechanika kwenye mstari mwembamba uliopunguzwa unene makusudi, kingeinuka kuelekea kioo cha mbele kikiwa kimeshikwa na mkanda wa kitambaa, na kingekibeba kitundu pamoja nacho, bila kipande hata kimoja kumrukia abiria usoni.

Daktari Brodbeck aliizungusha ile katoni mikononi. "Kächele, unataka kuweka baruti ndani ya kiyoyozi?"

"Ndiyo, Bwana Daktari. Kidogo tu."

"Na wakati wa baridi, plastiki ikiwa ngumu kama sahani?"

"Ndiyo maana tutaigandisha kwanza, ndipo tuilipue."

"Una mpaka Ijumaa tarehe 20 Machi mwakani. Siku hiyo wateja wanakuja. Kikiruka kipande hata cha ukubwa wa unywele, narudisha sanduku na mfereji kila kimoja mahali pake, na magoti ya watu yatafute pa kwenda."

Waliokuwa katika karakana majira yale husema hawajawahi kuishi miezi kama ile. Watu walikuja kazini Jumamosi bila kuitwa. Waligandisha kifuniko hadi nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, wakakipasha hadi themanini na tano, wakakilipua mbele ya mwanasesere wa majaribio mwenye uso uliopakwa chaki, ili mkwaruzo wowote uonekane. Kila mlipuko ulichukua sehemu ya thelathini ya sekunde. Kisha watu wazima saba walipiga magoti kutafuta vipande sakafuni na kushangilia walipokosa. Kufikia jaribio la 210 walikuwa wamekosa vipande mara nne mfululizo. Ikaletwa kalibu ya mwisho, ile ya kutengenezea vifuniko vya kuwaonyesha wateja, na kazi ya kuimalizia akapewa fundi bora wa chuma Schorndorf nzima, shemeji yake Gotthilf Aichele, ambaye naye alikuwa Rettenmoser.

Jaribio la 211 lilifanyika tarehe 2 Machi. Mtungi ulilipuka, kifuniko kikavimba kama shavu, na hakikuchanika. Mfuko ukatafuta njia nyingine, ukapasua mfereji wa hewa ubavuni, na vijibapa vya kitundu, vile vibamba vyembamba vinavyoelekeza hewa, vikaruka. Kimoja kilimkuta mwanasesere chini ya jicho.

Traugott alikwenda kwenye kalibu, akapitisha kidole mahali palipotakiwa kuwa na ukingo mwembamba, ule unaochora mstari wa kuchanikia. Palikuwa laini kama kioo.

"Shemeji," akasema, "ule ukingo uko wapi?"

"Upi? Ile takataka iliyoachwa na mashine?" Gotthilf alikuwa anafuta mikono. "Niliisugua. Siku mbili nzima. Ulikuwa mbaya kama kovu la jipu."

"Gotthilf, ulitakiwa uwe mbaya!"

"Hukuniambia."

"Uko kwenye mchoro!"

"Kwenye mchoro kuna mstari wa penseli. Hakuna neno. Tangu lini mtu wa hapa akabidhi kazi yenye kovu bila kuambiwa? Hata bibi yako angefufuka kunicheka."

Ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wetu tu. Sisi tunaotundika kibao cha zamu ya kufagia kwenye mlango wa jirani, na kufagia hata pasipo na vumbi, tulikuwa tumesafisha mpaka kifaa cha kuokoa maisha kikakataa kufunguka. Daktari Brodbeck alitaka jina la aliyehusika. Miaka ile fundi wa umri mkubwa kama Gotthilf, akiandikwa katika daftari, aliondolewa kabla ya mwaka kwisha. Traugott alichukua kalamu na kuandika yale yaliyosomwa hapo mwanzo. Alisema mstari usio na maelezo ni kosa la mchoraji, yaani yeye. Gotthilf alinyamaza, na amesema kwamba kunyamaza huko kumemkaa kooni miaka ishirini na saba. Leo anataka ijulikane kwamba aliyesugua ni yeye.

Zilibaki siku kumi na nane. Gotthilf aliuchonga ukingo upya kwa mkono, unene wa nusu milimita, huku akiutukana. Katika jaribio la 212 kifuniko kilichanika lakini mkanda ukakatika. La 213 lilikuwa zuri kwenye joto. Alhamisi tarehe 19 Machi, siku moja kabla ya wateja, sanduku lilitoka kwenye friji likiwa limefunikwa na barafu, likafungwa, na watu wote wakarudi nyuma ya kioo. Mlipuko! Kifuniko kiliinuka kama kofia ya mtu anayesalimu, kitundu kikiwa juu yake, vijibapa vyote saba mahali pake. Uso wa mwanasesere ulibaki mweupe. Na Traugott Kächele, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alitoka mlangoni na kukimbia kuuzunguka uwanja wa kiwanda akiwa na koti la kazi, mara mbili. Kisha akarudi na kuomba radhi.

Wateja walikuja, wakaona, wakakubali. Zile sentimita kumi na moja zilirudi kwa magoti ya abiria. Gari liliingia barabarani mwaka 1994, na Traugott akamwekea Lore mlango wazi mbele ya nyumba. Lore aliketi, akauingiza mguu, akaunyoosha hadi mwisho. "Unaingia," akasema. Traugott aliirudia kauli hiyo kwa wageni hadi mwaka huu.

Jumapili tarehe 11 Novemba 2001, saa nane mchana, karibu na Plüderhausen, gari la kupeleka mizigo lilikata kona mbele yao. Waligonga. Sanduku lilifunguka. Moshi ulipotulia, Traugott alikuwa ameinama juu ya dashibodi, akikikagua kifuniko kwa miwani iliyopinda.

"Mkanda umeshika!" akapaza sauti. "Lore, tazama, vijibapa vyote vipo!"

Lore alimpiga bega kwa fimbo yake. "Nami nipo, asante kwa kuuliza!"

Ndipo Traugott alipolia, na hilo pia hakuna aliyewahi kuliona.

Alistaafu mwaka 2007. Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2014. Aliacha bustani, kisha ngazi, kisha kuimba kwaya, kwa mpangilio huo. Mwezi Januari mwaka huu muuguzi alileta nyumbani mashine ya oksijeni na mashine ya kutia unyevu hewani, akaziweka sambamba kando ya kitanda, pasibaki nafasi ya kiti cha Lore. Traugott alizitazama. "Nani kachora hizi?" akauliza. Kwa juma zima aliomba penseli. Mchoro upo, na Jörg, ambaye naye ni mhandisi, anasema ungefanya kazi.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 12 Machi 2019, saa kumi na dakika arobaini alasiri, akiwa na miaka sabini na mitano. Lore alikuwa amemshika mkono. Mashine zote mbili zilikuwa zimehamishiwa upande wa dirishani.

Ameacha mke wake Lore. Watoto wake Mechthild na Jörg. Wakwe zake Albrecht na Sibylle. Wajukuu watatu, Annika, Korbinian na Leni. Dada yake Elfriede na wapwa zake wawili. Na shemeji yake Gotthilf. Mungu aliyempa utulivu mdogo sana akiwa hai ampe sasa wote, na amani yake.

Kutoka hapa tutakwenda makaburini, kisha ukumbi wa parokia kwa dengu na tambi. Lore, miaka sabini na mmoja, ambaye hajawahi kushika usukani, amejiandikisha shule ya udereva ya Schorndorf, kwa gari lisilohitaji mguu wa kushoto. Somo la kwanza ni Alhamisi tarehe 28 Machi, saa nne asubuhi.