Jephté Ndikumana, Fundi wa Jinzi wa Rumonge

Ndugu, majirani na nyote mliofika, amahoro. Mimi ni Agata, dada mkubwa wa marehemu. Nimeombwa niyasome maisha yake kwa upole. Nitajaribu.

Jephté alizaliwa tarehe 4 Juni 1981 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Alimaliza darasa la saba mwaka 1996, kisha akajifunza cherehani kwa jirani. Huyo jirani ndiye aliyempa jinzi yake ya kwanza, ya mitumba, imepauka magotini. Baba alimkataza kuivaa kanisani, akaivaa.

Mwaka 2008 tulirudi Burundi. Nyanza-Lac tulikuta shamba letu lina watu wengine, tukaja Rumonge, na Jephté akafungua meza sokoni. Mnakumbuka alivyouza, suruali mkononi, mdomo haufungi. Eti kitambaa cha jinzi, denim, kimebeba jina la mji wa Nîmes, Ufaransa. Eti Marekani, tangu mwaka 1873, walikipigilia vijisumari vya shaba mifukoni ili isichanike kwa wachimba madini, na leo dunia nzima inavaa, waziri na mwizi wa kuku. Agneta alikuja kutazama tu. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2010.

Halafu vijana wakataka jinzi mpya inayoonekana kuukuu. Nani alianza ujinga huo, sijui. Mwaka 2014 Jephté na mdogo wetu Emery walinunua mashine ya upepo, kama ya wajaza matairi, wakawa wanazipiga jinzi kwa mchanga wa ziwa mpaka rangi itoke. Waliuchekecha ukawa laini kama unga, maana mchanga mnene unachana kitambaa. Mwanzoni walifanyia kazi uani. Mama mmoja anayeanika samaki hapo jirani akaja kulalamika: "Jephté, ndagala yetu inakula muchanga wako."

Mdogo wangu hakuweza kugombana na mtu. Siku hiyohiyo aliihamishia mashine chumbani, akapigilia mbao madirishani, akaziba na chini ya mlango kwa gunia. Akina mama walishukuru sana. Walimletea ndagala.

Kikohozi kilianza mwaka 2021. Alimeza dawa za kifua kikuu bila nafuu. Mwaka jana, Bujumbura, daktari aliitazama picha ya kifua akamuuliza alifanya kazi mgodi gani. Jephté akajibu kwamba hajawahi kuchimba kitu isipokuwa muhogo. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi la mawe, halitoki, na kila siku ya kulivuta inaongeza. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, akiwa amekaa, kwa sababu kulala kulishamshinda. Inaniuma mno.

Ameacha mjane, Agneta, watoto watatu, mimi, na Emery. Juzi hapa kilioni wateja walimvuta Emery pembeni kuulizia jinzi za Pasaka, naye akawaahidi kukifungua chumba Jumatatu. Maneno haya yamechapwa kabla ya ibada, lakini najua nikifika mstari huu mtamsikia akikohoa kule nyuma. Msimtazame kwa huruma. Mpisheni, aje hapa mbele.

Jephté, Mungu akupumzishe penye hewa. Emery, nipe ufunguo.