Mche Uliokataa Kufupika

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la pembejeo, hapa Tangent, Oregon, ambako watu hulima nyasi ili wauze mbegu. Mzee Wendell Krabill alifariki majira ya kuchipua, akaacha mbegu aliyoihangaikia maisha yake yote. Wakati wa mavuno mwanawe Curtis akasahau kuweka alama makasha mawili ghalani: moja la mbegu ya baba, jingine la mbegu ya kawaida. Mvua zinakaribia na shamba la kupanda ni moja. Asubuhi hiyo alikuja na trei mbili za miche, akaziweka kati ya vikombe vya kahawa. Nilimwonea huruma.

— Kila trei na kasha lake, alisema. Zilikuwa kama pacha. Wataalamu wa chuo cha kilimo wakanipa dawa ya kufupisha mimea, nikazimwagilia. Hii imedumaa, hii haikujali.

— Basi ni mbegu mbili, alisema Orrin, tunayemwita Hakimu.

— Mbili. Ipi ya baba?

— Hukubakiza ya mwaka jana ulinganishe?

— Iliuzwa yote.

Verl alisogeza kofia yake. Haivui hata kanisani, ndiyo maana tunamwita Kofia.

— Iliyodumaa. Haraka haraka haina baraka. Halafu Wendell mwenyewe alikuwa mfupi.

— Acha zako, Kofia. Wendell aliwahi kumsikiliza nani? Iliyokaidi dawa ndiyo yake.

— Alimsikiliza mkewe.

— Kwa hiyo mke ni dawa?

— Dawa inatoa tabia ya ndani, Hakimu. Mkwe wangu nataka nimmwagilie.

— Yule ufupishe nini tena?

Curtis hakucheka.

— Wazee wangu, nikikosea hapa, nitakuwa nimemzika baba mara ya pili.

Marisol, dereva mgeni wa lori la mbolea, alikuwa amesimama akisubiri risiti.

— Samahani. Baba mkwe wangu alikuwa wa mbegu, kule Silverton. Siku ya kuzikwa kila mtu alimwaga konzi ya mbegu ya marehemu juu ya kaburi. Nyie hamfanyi hivyo?

— Tunafanya, alisema Hakimu. Wendell tulimmwagia sote.

— Basi imeotaje?

Makaburi yako nyuma ya kanisa, mwendo wa kwenda kwa miguu, na tangu mazishi hakuna kati yetu aliyekwenda.

Curtis aliingia dukani akaazima koleo la kuchimbia shina la nyasi kaburini, nalo alimwagilie dawa ile ile. Kofia akavua kofia, akamfuata.